Siku niliyoacha kuomba "kazi yoyote"

Niliachishwa kazi Septemba 2019, siku ya Ijumaa, watu wakirudi kutoka msikitini. Nilikuwa karani wa nyaraka katika yadi moja ya makontena huku Changamwe, na nilikuwa nimekaa pale miaka sita na ushee. Tuliitwa watu kumi na mmoja kwa pamoja, kila mmoja akakabidhiwa bahasha, na meneja mwenyewe hakuweza kututazama usoni. Simlaumu. Kazi haikuwepo.

Aliyekuwa Mombasa mwaka ule anajua. Agosti ilikuwa imetoka amri kwamba makontena yote ya Nairobi na ya bara yapakiwe kwenye reli ya SGR, yakatolewe Embakasi, kwenye bandari kavu ya Nairobi. Yadi iliyozoea kupokea malori hadi usiku wa manane ikawa uwanja mtupu. Madereva, makuli, mama wauza chapati pale langoni, wote walilia. Kila Jumatatu watu waliandamana mjini, na Oktoba amri ile ikasitishwa, lakini barua yangu ilikuwa imeshaandikwa na kutiwa sahihi. Nilikuwa na watoto wawili, nyumba ya kupanga Mikindani, na akiba ya miezi miwili.

Nataka kueleza nilivyopata kazi tena, kwa sababu ilinichukua mwaka mmoja na miezi minne, na nusu ya muda huo niliupoteza kwa kufanya jambo ambalo naona watu wengi bado wanalifanya.

Nilianza kama kila mtu anavyoanza. Nilikwenda saiba moja kule Mikindani, nikamlipa kijana wa pale anipigie chapa CV. Alikuwa na muundo wake tayari, akajaza jina langu na shule zangu. Ikatoka kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na dini yangu, hali ya ndoa, namba ya kitambulisho, na sentensi inayosema kwamba natafuta nafasi katika kampuni yenye changamoto ili nikuze vipaji vyangu. Ukurasa wa tatu, chini kabisa, baada ya kuandika kwamba napenda kusoma na kusafiri, ndipo palipokuwa na cheti changu cha EACFFPC, kile cha Afrika Mashariki cha forodha na usafirishaji wa mizigo, nilichokisomea mwaka 2016 jioni baada ya kazi nikiwa na mimba ya miezi saba. Kitu kilichonigharimu kuliko vyote nilikuwa nimekiweka mahali ambapo hakuna aliyefika kukisoma.

CV hiyo niliituma kila mahali. Hoteli za Nyali, shule za binafsi, maduka makubwa, kampuni za ulinzi, benki. Kichwa cha barua pepe niliandika "Ombi la kazi ya aina yoyote". Ndugu na majirani niliwaambia hivyohivyo: nitafutie kazi yoyote, hata kufagia. Nilidhani huo ndio unyenyekevu, na kwamba nikiwa tayari kwa kila kitu nafasi zitakuwa nyingi zaidi. Mjomba wangu, ambaye ana jina mjini na anajuana na watu, aliniambia "Mwanangu, nitakukumbuka." Shangazi alisema vilevile. Nao walikuwa wakweli, walinipenda na walitaka nipate. Miezi ikapita.

Nilikuwa na daftari la shule la kurasa 96 ambamo niliandika kila nilipotuma. Hadi mwisho wa Desemba nilikuwa nimetuma maombi 137. Nilijibiwa mara tano. Mara tatu ni barua ya kunishukuru tu. Mara moja ni hoteli iliyotaka mpishi. Mara ya tano walikuwa matapeli.

Hawa nawasema kwa sababu bado wapo, na wanamngoja mtu akiwa hoi. Walinipigia simu kwa sauti ya upole, wakasema nimechaguliwa kazi ya ghala Dubai, mshahara unaingia kila mwezi, nyumba bure, na kwamba kilichobaki ni shilingi 3,500 za kupimwa afya, zitumwe kabla ya saa kumi jioni maana nafasi ni chache. Namba ya M-Pesa ilitoka na jina la mtu binafsi, si la kampuni. Niliona. Nikatuma. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka huamini kile anachotaka kiwe kweli. Jioni simu ikawa haipatikani. Pesa ile ilikuwa ya unga na ya nauli ya watoto, na mpaka leo nikiikumbuka kifua kinanibana. Ukiambiwa kazi ya Ghuba, usitume hata shilingi kabla ya kutazama jina la wakala kwenye orodha ya wenye leseni ambayo Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, huiweka mtandaoni. Kisha nenda ofisini kwao kwa miguu yako, ukiwa na mtu. Na ukisikia "kabla ya saa kumi", kata simu.

Machi 2020 corona ikaingia. Kafyu, halafu Aprili kaunti yetu ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Hata kwenda kuuliza kazi langoni ikawa haiwezekani. Nilikaa nyumbani na simu na bando la shilingi 50.

Jambo lililonigeuza lilitokea Mei. Alinipigia mzee mmoja ambaye zamani alikuwa akija dirishani kwangu pale yadini kuchukua hati za kutolea mizigo. Si rafiki, si jamaa. Nilimjua kwa sura na kwa jina la kampuni yake ya kliaringi, yaani ya kuwatolea watu mizigo forodhani, kule Shimanzi, naye alinijua kwa sababu nilikuwa sipotezi karatasi. Kontena la mteja wake lilikuwa limekwama. Jina la mpokeaji kwenye manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli, lilikosewa herufi mbili, na kwa hivyo halikulingana na lililo kwenye IDF, ile fomu ya kutangaza mzigo unaoagizwa, mfumo unakataa, na gharama za kukaa bandarini zinaongezeka kila kukicha. Alisema, "Mwanangu, nimekumbuka kwamba wewe mambo haya ulikuwa ukiyamaliza."

Nilimweleza aandike barua gani kwa wakala wa meli, aambatanishe nini, na amwone nani kwanza ili marekebisho ya manifesti yasikae mezani wiki nzima. Tulizungumza labda nusu saa, kwa vipande vipande, na kesho yake akanipigia kunipa habari njema. Ndipo akaniuliza, "Kwani siku hizi uko wapi?"

Nikasema nipo tu nyumbani, natafuta kazi yoyote.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia maneno ambayo nayanukuu kama yalivyokuja: "Kazi yoyote mimi siijui, mama. Nikienda kwa mtu nikamwambia kuna dada anatafuta kazi yoyote, ataniuliza anajua nini, na mimi nitakwama. Lakini nikimwambia kuna mtu anayerekebisha manifesti kwa siku moja, huyo ataniomba namba yako hapohapo."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimwona mjomba wangu amekaa barazani na wazee wenzake, anataka kunisaidia, na hana la kusema. Mimi ndiye niliyemtuma mikono mitupu. Kwa miezi minane nilikuwa nimewapa watu zaidi ya mia moja mzigo usiobebeka.

Asubuhi nilianza upya. Sikwenda saiba. Niliandika CV mwenyewe kwenye simu, na nikaanza na yale ambayo mtu wa kazi yetu angetaka kuyajua: kwamba ni karani wa nyaraka za forodha, miaka sita kwenye yadi ya makontena Mombasa, nina cheti cha EACFFPC, nautumia mfumo wa forodha wa Simba na ule wa KenTrade wa vibali vya mizigo, na kwamba kwa wastani nilishughulikia makaratasi ya makontena 40 kwa wiki. Hiyo 40 niliihesabu kutoka kwenye shajara zangu za zamani, sikuikisia, maana nilijua nitaulizwa. Nikaeleza mambo mawili niliyoyafanya yakaonekana, moja likiwa orodha ya ukaguzi niliyoitunga ili makarani wapya wasiachilie mzigo kabla malipo yote hayajakamilika. Dini, ndoa na kitambulisho nikavitoa. Ikawa ukurasa mmoja na nusu.

Kuhusu kazi za mtandaoni, yaani zile tovuti za matangazo, niliendelea nazo, lakini nilipunguza. Badala ya maombi kumi kwa siku, matatu kwa wiki, na kila moja nikiliandika upya kwa maneno yaleyale ya tangazo. Kama wamesema "mtu wa nyaraka za uagizaji", siandiki "mtaalamu wa lojistiki". Niliweka arifa kwenye simu ili tangazo likitoka nilione siku hiyohiyo, kwa kuwa tangazo lililokaa wiki mbili huwa limeshapokea mamia ya watu na pengine mwenye kuajiri ameshaacha kufungua.

Lakini faida kubwa niliyoipata kwenye matangazo ilitoka kwa kazi ambazo hazikuwa zangu. Hili hakuna aliyenifundisha, niliona mwenyewe. Kampuni ikitangaza kwamba inataka maafisa watatu wa mauzo au msimamizi wa ghala jipya, maana yake mizigo inaongezeka, na mizigo ikiongezeka, makaratasi yanaongezeka, na miezi miwili mbele watataka mtu kama mimi. Basi nikawa nazisoma hizo nafasi za wengine, naandika jina la kampuni kwenye daftari, kisha naingia LinkedIn na kutafuta si kazi bali watu: nani yuko pale, anafanya nini, na je, kuna hata mmoja tuliyewahi kukutana naye, dirishani, darasani, popote.

Hapo ndipo nilipogundua nina watu. Nilikuwa nimejiona mpweke kwa sababu nilihesabu ndugu na marafiki tu. Nilipokaa na daftari nikaandika kila mtu aliyewahi kuona kazi yangu, yaani makarani wa meli, madereva, mawakala wa Shimanzi, wale tuliosoma kozi pamoja, mhasibu aliyehamia Nairobi, nilifika majina 83. Wengi hatukuwa tumezungumza kwa miaka.

Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba jambo hili lina watafiti wake. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti aliofanya kwa watu wa mji mmoja karibu na Boston waliopata kazi kupitia mtu. Aliwauliza walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi. Karibu asilimia 17 tu walisema mara nyingi. Zaidi ya asilimia 55 walisema mara mojamoja, na karibu 28 walisema kwa nadra sana. Mwaka 2022 watafiti wengine waliliangalia jambo hilohilo kwa data ya watu wapatao milioni 20 wa LinkedIn, wakachapisha katika jarida la Science, nao wakaona kwamba watu wanaojuana kidogo ndio wanaosaidia zaidi mtu kuhamia kazi mpya, ingawa si wale wa mbali kabisa wasio na uhusiano wowote nawe. Niliposoma nilimkumbuka yule mzee wa Shimanzi. Sababu yake ni rahisi: dada yangu na mjomba wanasikia habari zilezile ninazozisikia mimi. Mtu wa mbali anakaa kwenye baraza nyingine.

Tatizo lilikuwa namna ya kumwandikia mtu ambaye hamjasalimiana miaka minne. Mimi nimelelewa kwamba humwendei mtu kwa shida tu. Niliandika ujumbe wa kwanza nikaufuta mara sita. Hatimaye nikaamua sitaomba kazi, nitauliza swali moja ambalo mtu anaweza kulijibu akiwa kwenye matatu. Kwa dada mmoja tuliyesoma naye kozi ile ya 2016, ambaye sasa yuko Nairobi, niliandika hivi:

"Dada, habari za siku nyingi. Ni mimi tuliyesoma naye forodha, yule niliyekuwa nakaa dirishani na tumbo langu. Mtoto ana miaka minne sasa. Nimefurahi kuona umepanda cheo, hongera sana. Nina swali moja tu: kampuni za huko zikichukua mtu wa nyaraka siku hizi, zinatazama nini kwanza? Nilikuwa yadini miaka sita, kazi yangu ilikuwa manifesti na kutoa hati za mizigo, na yadi ilipunguza watu mwaka jana. Ukipata nafasi. Ahsante."

Alijibu usiku uleule, kwa sauti ya dakika nne. Alinieleza mifumo, akaniambia wateja wengi siku hizi hawataki mtu anayejaza fomu tu, wanataka anayeweza kuwaeleza kwa lugha ya kawaida kwa nini mzigo wao umekwama. Hakutaja nafasi yoyote, na mimi sikuuliza. Nilimshukuru, na wiki mbili baadaye nikamwandikia kumwambia nimelifanyia kazi lile alilosema. Watu wengi wanasahau kurudi. Mtu aliyekupa ushauri anataka kujua kama ulikufaa.

Kati ya wale 83 niliwaandikia 31 mwaka ule, si kwa siku moja, wawili watatu kwa wiki. Hakuna ujumbe uliofanana na mwingine. Waliojibu ni 22. Linganisha na 137 na tano.

Halafu ikaja Agosti na habari ya mitumba. Tangu Machi uingizaji wa nguo za mitumba ulikuwa umepigwa marufuku kwa ajili ya corona. Dada yangu anauza mitumba Kongowea, na miezi ile yote aliishi kwa kuuza sabuni na mihogo. Marufuku ilipoondolewa Agosti kwa masharti mapya, kikundi chao cha WhatsApp kilijaa hofu: karatasi gani zinatakiwa, nani atatapeliwa, marobota yatakwama wapi. Dada akaniomba niwaeleze. Niliketi kitandani nikarekodi sauti ya dakika tatu kwa Kiswahili cha sokoni. Nikawaeleza IDF ni nini na kwa nini ifanywe mapema, cheti cha kufukiza dawa kinatoka upande gani, kwamba tangu Januari 2017 bima ya baharini lazima iwe ya kampuni ya Kenya na si ile ya muuzaji wa huko, na kwamba namba ya forodha ya mitumba inaanza na 6309, kwa hivyo mtu akiwaandikia nyingine waulize kwa nini. Nikataja jina langu mwishoni, na kwamba nilikuwa yadini Changamwe.

Sauti ile ikasafiri. Sikuituma mimi zaidi ya kikundi kimoja, lakini ilifika Gikomba, ilifika Eldoret. Watu wakaanza kunipigia. Wa kwanza niliwasaidia bure, kisha nikaanza kuomba shilingi 500 kwa kukagua karatasi za mtu kabla hajalipa, na hiyo ndiyo iliyotulisha hadi Desemba. Wiki ya tatu ya Novemba akanipigia yule dada wa Nairobi. Sauti yangu ilikuwa imemfikia kupitia mteja wao mmoja. Akacheka, akasema, "Nilikutambua kabla hujataja jina." Bosi wake alikuwa anafungua dawati la wafanyabiashara wadogo katika ofisi yao ya Mombasa na alitaka mtu anayejua nyaraka na anayeweza kuzungumza na watu wa soko. Tangazo lilikuwa halijatoka. Lilikuja kutoka baada ya siku tisa, na nikaomba kwa njia ya kawaida kama wengine wote, nikapangwa kwenye mahojiano kama wengine wote. Hilo nataka lieleweke. Dada yule hakunipa kazi. Alimfanya bosi alifungue faili langu akijua anachokitafuta ndani yake.

Mahojiano yalifanywa kwa video. Kwangu nyumba iko kando ya barabara, matatu zinapiga honi tangu alfajiri, basi nilikwenda kwa jirani wa ghorofa ya nyuma, nikaegemeza simu juu ya vitabu vya watoto ili macho yangu yawe sawa na kamera, nikanunua bando la ziada endapo intaneti ya jirani ingekatika. Siku moja kabla nilifanya mazoezi na dada yangu akiniuliza maswali. Swali walilolipa uzito lilikuwa hili: kontena limefika, mteja anataka mzigo leo, na hana hati asili ya shehena, ile bill of lading. Utafanya nini? Nikajibu kwamba kwanza nauliza iwapo muuzaji ameirudisha hati hiyo kwa wakala wa meli kule mzigo ulikopakiwa. Kama ameirudisha, naomba teleksi ya kuachilia mzigo, yaani ujumbe wa kuruhusu utolewe bila hati asili. Kama hajairudisha, siligusi kontena hilo hata mteja akipiga kelele, namweleza kwa upole hati ile ndiyo mali yenyewe. Nikaona mmoja wao anaandika.

Mshahara nilikuwa nimeuulizia mapema kwa watu watatu. Sikuwauliza "wewe unalipwa ngapi", swali hilo linamfunga mtu mdomo. Niliuliza mtu mwenye miaka sita ya nyaraka hulipwa kati ya ngapi na ngapi. Kwa hivyo waliponiuliza nilikuwa na namba, nikasema 45,000. Tukakubaliana 40,000 na kuangalia tena baada ya miezi sita. Nilianza kazi Januari 2021. Cheti cha tabia njema, cha kodi na vinginevyo walivitaka mwishoni kabisa, baada ya kunichagua, na nilishukuru kwamba sikuwa nimevilipia mapema nikiwa sina kitu.

Siku hizi, tukiajiri, mafaili huletwa kwangu kuchujwa kwanza. Natamani kila anayetafuta angekaa kando yangu asubuhi moja tu. Angeona barua pepe zisizo na kichwa. Angeona barua nzuri iliyoelekezwa kwa kampuni nyingine, jina lao halikubadilishwa. Faili linaitwa "cv mpya mwisho 2", na nikilishusha linapotea kati ya mengine, wakati jina la mtu na kazi yake lingetosha. Nawapigia waliotajwa kwenye CV kuwa watamsemea mtu, nao wanasema "Nani? Alaa, sijaongea naye tangu 2017." Hao wangeambiwa mapema, wangekuwa tayari na la kusema. Haya yote ni madogo na hayahitaji pesa, na yananiumiza kwa sababu nyuma ya kila faili namwona mtu mwenye daftari kama langu. Najitahidi kujibu kila mmoja, hata kwa mistari miwili. Sikuwa nikijibiwa, na najua ukimya ule unavyomla mtu.

Septemba 2022, serikali mpya ilipotangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa, kampuni kadhaa zilianza kutafuta watu tena. Mzee wa Shimanzi alinipigia, akauliza kama nawajua wenzangu wa zamani wa yadini. Tulikuwa kumi na mmoja tuliopewa bahasha siku ile. Niliwapigia wote niliowapata. Wawili waliniambia moja kwa moja wanachokifanya, na majina yao yaliondoka kwangu siku hiyohiyo. Mmoja wao mpaka sasa yuko Port Reitz.

Wa tatu alikuwa kijana aliyekuwa akiendesha mashine pale yadini, siku hizi anaendesha bodaboda Jomvu. Alifurahi kunisikia, tukaulizana habari za watoto, kisha akasema, "Dada, nisaidie. Kazi yoyote, wallahi, sichagui."

Nikamuuliza, "Pale yadini ulikuwa unaendesha nini hasa?"

Alinyamaza. Nikasikia pikipiki zinapita nyuma yake. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayekumbuka jambo aliloacha kulifikiria, kwamba alikuwa kwenye richistaka, mashine ya kunyanyua makontena, ile ya tani 45, zamu ya usiku, na kwamba kwa miaka minne alipanga makontena matano juu kwa juu na hakuwahi kuangusha hata moja.

Nikamwambia asikate simu, nikaenda kutafuta kalamu.